Si Kangomba

Mwalimu Nandonde alisema krediti,
baba akasikia mkopo.
Akakiweka kikombe chini, chai haijafika nusu.
"Somoe, nani kakukopesha?"

Nikamweleza: ni masomo ya chuo, baba,
nayasoma sasa hivi, nikiwa bado kidato cha tano,
Jumatano jioni na Jumamosi, hapo hapo Kitangari,
navuka barabara tu na sare yangu ya shule,
na siku nikiingia chuo
niliyoyamaliza sitayarudia wala sitayalipia.
Uniti nane. Bure.

"Bure," akasema baba.
Akaligeuzageuza neno mdomoni
kama korosho iliyobanguliwa vibaya,
ile yenye mafuta yanayochubua midomo.
"Julai pia walikuja na sura hiyo hiyo.
Chukua hela, mzee, korosho utatupa ukishaokota.
Unalikumbuka bakuli lao?"

Nalikumbuka.
La bluu, kitako kimebonyezwa kwa nje,
linabeba kilo na robo, linaitwa kilo.
Walikuja mikorosho ingali na maua,
salfa haijatoka kwenye kanga za mama,
na baba ana karatasi ya shule mfukoni:
godoro, ndoo, jembe, rimu mbili, viatu vyeusi vya kamba.
Akauza maua.

Sikumwambia kwamba chuoni
somo la kwanza lilikuwa hilo.
Bi. Mkwinda, mfupi, chaki sikioni kama fundi seremala,
aliandika ubaoni: thamani ya leo, thamani ya kesho.
Akaomba mfano.
Wanachuo wakanyamaza, watu wazima, wengine na ndevu zao.
Mkono ulionyooka ulikuwa wangu,
umetoka kwenye sweta la shule lililochanika kwapani.

Kilo mia mbili, kwa shilingi mia tisa.
Mnadani, Oktoba: elfu mbili na mia sita.
Nikatoa.
Laki tatu na elfu arobaini.
Darasa zima likainakili.
Mimi sikuinakili. Namba ile
ndiyo ninayoilalia kila usiku, bwenini,
inchi nne, kitambaa cha maua.

"Baba," nikasema, "hii si kangomba.
Hii ni stakabadhi ghalani.
Nimepeleka mzigo, umepimwa, umeandikwa jina langu,
unakaa pale mpaka siku ya mnada."

Akafikiri. Nje mama anamwaga maji kidogo kidogo,
maji ya kununua hayamwagwi kwa pupa.
"Mizani ya nani?"
"Ya chuo. Ila nilisimama nikiitazama."
"Na unyaufu? Ghalani hawakosi kukata unyaufu."

Nilitaka kucheka.
Nikamkumbuka Bahati Hokororo,
tulianza naye, dawati moja, kalamu moja ya kupokezana.
Yeye hakai bweni. Jumatano ni zamu yake ya maji kwao,
na foleni ya bombani haijui uniti.
Mwezi wa pili hakuja. Wa tatu wakafuta jina lake kwa rula.
Na chini ya C hazihesabiki, hata ungeumwa.
"Upo," nikamjibu. "Unyaufu upo, baba."

Jibu hilo ndilo lililomlainisha, sijui kwa nini.
Akainuka, akapapasa juu ya ukuta, chini ya bati,
akashusha mfuko wa plastiki wenye risiti za chama,
za miaka na miaka, nyingine zimeliwa na mende.
Akaichukua karatasi yangu.
Kidole kikatembea juu ya muhuri,
kikashuka mstari kwa mstari, kikahesabu:
nane.
Akaikunja mara moja tu, asiuvunje muhuri,
akaipachika katikati, mende wasipofika upesi.

"Hili la kwanza," akauliza, mgongo bado kanipa,
"lilihusu nini?"
"Hesabu, baba."
"Hesabu za nini?"

Chai yake ilikuwa imepoa.
Nikakichukua kikombe, nikaenda kuipasha.