Karatasi Iliyoliwa

Wote wanaijua. Hata dereva wa teksi
aliyenishusha Kamalondo aliijua:
Kaseba Numbi, mchoraji wa vikatuni,
alimchora gavana akiwa kiboko
aliyekalia treni ya shaba, mkia ukiburura relini,
na askari walipogonga mlango
aliikunja karatasi mara nne, akaila,
akashushia na bia, akawaambia:
"Karibuni. Chakula kimekwisha."

Maneno matamu. Kwa hiyo nikayashuku.

Nilinunua daftari la mistari, nikaingia kazini.
Mwalimu Kyungu alikuwepo, aliona kwa macho yake.
Fundi Chola alikuwepo, amesimama dirishani.
Shemasi Mwewa naye, na kaka yake Mwewa.
Nikiwapanga wote chumbani mwa Kaseba
(hatua nne kwa tatu, nimekipima)
Kaseba mwenyewe anakosa pa kukaa.

Kwa mmoja ilikuwa bia, kwa mwingine chai.
Mara kabla ya mgomo, mara baada.
Gavana ana majina matatu.

Hospitalini karani alipangusa vumbi jekundu
kwa kiganja, akanifungulia rejista:
*Numbi K., homa ya matumbo, kitanda cha tisa.*
Wiki nzima ile.
Nilifurahi, nakiri,
kama mtu aliyemshika mwizi wa kuku.

Nikaenda Katuba kwa mjane wake, Mama Ngalula,
kumpelekea ushindi wangu.
Alikuwa akisonga bukari; mwiko haukusimama.
"Kweli, alikuwa ku hospitali.
Balikuya, bakanikuta miye.
Ile karatasi, mi njo nilikula."

Siku tatu ulimi mweusi.
Jumapili hakwenda kanisani:
angeufunguaje mdomo mbele ya padri?

Na ule msemo, nikauliza, wa chakula kimekwisha?
"Nani angesema? Kinywa kilikuwa kimejaa."

Mbona hukusema miaka yote hii?
Akaugeuza ukoko, akaufunika.
"Weye njo wa kwanza kuuliza.
Bengine bote balikuya kunielezea."

Kanuni yangu ni mashahidi wawili.
Yeye anaye mmoja, naye ni tumbo lake.
Usiku, umeme umekatika, mbele ya mshumaa
niliandika: *haijathibitishwa.*
Kalamu ikavuja. Nikalamba kidole.

Ni mchungu kweli, wino.