Kwa Mujinga

Cheka, dereva. Cheka mpaka umalize,
bukari itakungoja, haina miguu.
Wenzako wa Tanga na Morogoro nao walicheka
walipokisoma kibao changu kando ya barabara:
KWA MUJINGA. CHAKULA MOTO.
Mmoja alikipiga picha. Mwingine aliniuliza, kwa huruma,
ni nani aliyenitukana kwa rangi nyekundu
na kwa nini sijaifuta.

Nilikilipia mwenyewe, herufi kwa herufi.

Katika lugha ya bibi yangu, kujinga ni kuzinga.
Mtoto anayetoka na uzi wa kitovu shingoni,
umemzunguka kama kamba ya ndoo,
yuko kimya, mkunga anaufungua kwa kidole kimoja,
huyo akilia ni Mujinga.
Asipolia pia ni Mujinga.
Bibi alimzaa mmoja wa namna hiyo kabla ya mama yangu.
Kila alipohesabu watoto wake, alianzia kwake.

Sasa kula. Nikutajie wengine.

Kulikuwa na Mujinga wa kambi ya wachimba shaba,
zamani za mume kulipwa na mke kupimiwa unga.
Siku moja aliliweka gunia lake chini,
akapanda yeye mwenyewe juu ya mizani ya ghala,
akamwambia karani: soma.
Mizani ikasoma kilo tisini,
mtu mwenyewe mifupa mitupu.
Wanawake wakakaa mlangoni siku mbili, hawakusema neno.
Hakuna mtaa wenye jina lake. Nimetafuta.

Kulikuwa na Mujinga wa Kamalondo, sauti ya kokoto,
aliyeimba baa kwa viatu vya kaka yake.
Wapigaji walitaka aitwe Rozi.
Rozi linauza, walisema,
Rozi litang'aa juu ya santuri.
Akakubali. Lakini siku ya kurekodi,
pale gitaa lilipovuta pumzi, akajitaja:
ni mie Mujinga.
Wasingeweza kulifuta bila kulifuta gitaa.
Baba alikuwa nayo santuri ile. Ilikwaruzika papo hapo,
ikawa inarudia, mujinga, mujinga, mujinga,
mpaka jirani anagonga ukuta.

Na yule wa redio! Huwezi kumkumbuka, wewe wa kwenu.
Alicheza kiziwi katika mchezo wa Jumapili
miaka kumi na mmoja.
Soko la Kenya (ni mtaa wetu, si nchi)
wauza mboga walimpigia kelele sikioni:
MUSELEBENDE, MAMA! ZAIRE MOJA!
Naye, mwenye masikio ya popo, anauliza: nini?
Anapunguziwa.

Tena kuna mwaka jina hili lilikuwa tiketi ya treni
ambayo hatukuiomba.
Tulilala stesheni juu ya magodoro yetu, mvua juu yetu,
tukingoja mabehewa ya kwenda kwa mababu
ambao sikuwahi kuwaona hata kwa picha.
Mtu akanishauri: ukiulizwa, sema Mado.
Nilikuwa na miaka tisa. Nililijaribu mdomoni,
Mado, Mado,
kama kiatu cha mtu mwingine gizani.
Alipokuja wa kuuliza, nilikuwa nimeshalala.

Mimi sikuimba, dereva. Sikupanda mizani.
Napika samaki wa Kasenga,
nalipa kodi moja kwa watu watatu,
na kila tarehe tano naosha vumbi la malori kwenye kibao.
Mkunga alimwambia mama kwamba uzi wangu
ulizunguka mara mbili,
na alipoufungua sikulia upesi,
nilimtazama kwanza.

Wewe lori lako limeandikwa MASKINI JEURI.
Sijakuuliza kitu.

Pilipili iko pale. Ni franka elfu kumi.
Risiti nakuandikia jina lote,
na ukifika Dar bosi wako ataisoma, atacheka.
Mwache amalize.