Lori la Mnada

Kwenye karatasi ya mnada waliandika: halitembei.
Květa akalipa hivyohivyo. Tukalivuta kwa trekta
kilomita kumi na tisa kupita misitu ya Šumava,
yeye kwenye usukani, bila breki,
akimtaja Mungu na shetani kwa zamu.

Sasa limekaa uani, namba ya kikosi bado mlangoni.
Chini ya kiti tumekuta kijiko, soksi moja,
na barua isiyotumwa: askari anamwuliza mama yake
kama ng'ombe amezaa.

Tangi lilijaa kutu. Tulitia changarawe na mnyororo,
tukalitikisa hadi mikono ikafa ganzi.
Betri mbili mpya, bei ya ndama.
Otakar anasoma kitabu cha jeshi kwa sauti,
kurasa zimegandana kwa grisi.
Mimi nalegeza nati, natoa hewa mirijani:
povu, povu,
kisha dizeli tupu, baridi kidoleni.

Washa.
Linakohoa. Washa tena.
Theluji inaporomoka paani,
moshi mweupe, mweusi, halafu mngurumo
uliotawanya kuku wote.

Květa hacheki. Anatazama mbele, ukutani.
Ananiuliza kwa kelele, kuishinda injini:
"Hivi, yule ng'ombe alizaa?"