Arbuni

Binti yangu Shumbana ameuza kitu ambacho hakipo.
Nimemuuliza mara mbili, nikidhani sikusikia:
hakipo wapi? Dukani? Kimekwama bandarini Mkoani?
Hakipo popote, mama. Kinakuja.

Ni viua vyangu vya kofia, miaka thelathini ya mgongo uliopinda
barazani hapa Jadida, sindano na bafta.
Amevipiga picha kimoja kimoja, amevitia kwenye kompyuta,
anavigeuza vitone, mshonaji wa mbali avifuate tundu kwa tundu.
Ndiyo kwanza yuko kiua cha tisa.
Na keshatangaza: vyatoka tarehe ishirini, saa sita usiku,
viko ishirini na vinne.
Ukiagiza sasa, elfu nane.
Ukingoja vitoke, kumi na mbili.

Na watu wameagiza! Mombasa, Tanga, Maskati,
na mmoja mji wa theluji ambao jina lake
nalisahau kila nikitajiwa.

Wa simu, pesa zao zimeshaingia.
Wa kadi, benki imezishika tu, haijazichukua,
itazichukua siku yenyewe.
Imezishika bila kuzichukua?
Ndiyo, mama. Kama kuku umemfunga mguu, hujamchinja.
Na akighairi kabla ya siku?
Kuku anafunguliwa.
Na wewe usipomaliza?
Narudisha zote, mpaka senti.
Na jina langu, nani atalirudisha?
Hapo akanyamaza, akavuta waya wa chaji.

Sikulala vizuri.
Marehemu baba yake alinunua karafuu zingali juu ya mti,
akahesabu makonyo kwa macho, akalipa,
mvua ikaja ikazikuta majamvini.
Nayajua mauzo ya kesho.

Asubuhi nikamwambia: darsani tumesoma,
usiuze usichokuwa nacho.
Akacheka. Na bei ya salamu je, hamkuisoma?
Mnunuzi alipe kwanza, sifa zijulikane, siku itajwe.
Sifa: viua ishirini na vinne. Siku: tarehe ishirini.
Umebaki mkono wangu tu, mama, nao hauna usingizi.

Kweli haukuwa nao.
Wiki mbili namsikia usiku akibofya, tk, tk,
kama mtu anayechambua mchele gizani.
Mara aniamshe: hiki kina matundu saba au manane?
Nakishika kwa kidole, maana jicho limeshaniaga.
Manane. Rudi ukalale.

Tarehe ishirini, saa tano na nusu, umeme ukakatika Wete nzima.
Nikapiga kelele, Shumbana! Viua vyetu!
Yeye yuko jikoni anakula muhogo wa jana.
Havimo humu ndani, mama. Nilivipeleka tokea adhuhuri,
viko kwenye mtambo wa watu, sijui nchi gani.
Saa ikifika vitaenda vyenyewe.

Tukakaa gizani na simu moja, chaji asilimia kumi na moja.
Saa sita ikalia. Ting.
Kisha ting, ting, mpaka nikaacha kuhesabu,
kila mlio ni mtu kafunguliwa mlango wake
na hakuna aliyetoka nyumbani kupeleka.

Nikamwambia, nisomee majina.
Yote?
Yote.

Mwaka ule nilipokuwa na macho, alikuja kijana wa Ole,
Faki Mbarouk, anaoa baada ya mfungo.
Akaweka arbuni, nikampima kichwa kwa uzi.
Miezi minne nimeshona. Hakurudi.
Arbuni niliila, ilikuwa unga na mafuta ya taa.
Kofia iko sandukuni, na uzi wake wa kipimo ndani.
Kiua chake ndicho cha ishirini na nne.

Shumbana akasoma mpaka mwisho. Hayumo.
Sikutegemea awemo.
Nilitaka tu kusikia
orodha ya watu waliolipa, wakangoja,
wakaletewa.