Mpini Mtupu

Kabla sijadondoka kwenye jukwaa kule Mtumba,
ubao wa jipsamu mikononi, skrubu nne mdomoni,
nilikuwa nasukuma sitini juu ya kichwa.
Sitini. Jimu ya Chibago, Chang'ombe,
ambako vyuma ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege
na kila kopo limechorwa uzito wake kwa msumari,
Chibago akikisia zaidi kuliko kupima.

Kwa hiyo labda ilikuwa hamsini na tano.
Leo nakubali. Mwaka jana ningepigana.

"Inua mpaka panapouma, kisha rudi kidogo,"
alisema Hyasinta wa chumba namba tisa,
akanikabidhi mpini wa fagio
kama anayemkabidhi mtoto mswaki.
Nikatazama dirishani, nikaomba asipite anayenijua.
Mpini ulifika usawa wa sikio.
Hapo bega likatamka neno ambalo sitaliandika.

Nikamtajia lengo langu: sitini, ifikapo Nanenane.
Ilikuwa mwisho wa Machi.
Hakucheka. Afadhali angecheka.
"Nanenane na bega lako wamefahamiana lini?"
Akavuta daftari langu, akaikata sitini kwa rula,
mtu nadhifu hata anapoua,
akaandika chini yake:
wiki ya nne, kuanika shati kwenye kamba.

Shati!
Mimi, ambaye maofisa wa serikali
wanasinzia chini ya dari nilizozibeba kwa kiganja.

Baba mdogo Mlewa alinipigia kutoka Hombolo,
akaanza habari za mizabibu yake,
jinsi unavyoikata mpaka uione aibu, ndipo inazaa.
Nikamwambia, Baba, mimi si mzabibu.
Akasema, naona. Mzabibu haulalamiki.

Aprili: shati. La mikono mirefu, limelowa.
Nililianika mara tatu, na si kwamba lilianguka.
Mei: kopo la chumvi, rafu ya juu.
Mei hiyohiyo: kilo tano, mara nane, bila kukunja uso.
Kisha kurasa mbili hazina kitu.

Nilikuwa nimeiba.
Usiku, Chibago ameniachia ufunguo,
nikapandisha ishirini na tano, nikasikia kitu kikichanika polepole
kama kanga kuukuu,
nikajidanganya kuwa ni baridi ya Juni,
maana Juni upepo wa Dodoma huujua mfupa wenye kasoro
kama mdai anavyoujua mlango.
Nililipa kwa siku kumi na moja za kulala ubavu mmoja.
Hyasinta aliusoma ukurasa mtupu
vizuri kuliko alivyosoma ule ulioandikwa.
Hakuuliza.
Akanyoosha mkono nyuma ya kabati, akautoa mpini.

Nanenane ikafika. Nzuguni vumbi na spika,
watu wakirudi na miche, na vifaranga kwenye maboksi.
Mimi nilikuwa uani na makopo mawili ya kilo sita,
nimeyapima kwenye mizani ya muuza mchele,
gramu kwa gramu, foleni ikininung'unikia nyuma.
Kumi na mbili.
Ndogo, lakini haina uongo ndani yake.

Jioni maji yakatoka, baada ya siku tatu.
Mke wangu Mbeleje akakinga ndoo ya lita ishirini,
akatafuta macho ya jirani wa kumtwisha.
Nikasema, ngoja.
Nikamimina ya juu kwenye beseni
mpaka zikabaki lita kumi na moja,
na ndoo yenyewe kilo moja, nilishaipima pia.
Akanitazama nikipiga hesabu kama mwenye duka.
Kisha nikashika, nikavuta pumzi, nikapandisha:
kifua, kidevu, paji la uso,
na pale penye neno lile lisiloandikika
bega likanyamaza.

Ndoo ikakaa juu ya kata yake.
Mbeleje akaenda hatua tano, akasimama, hakugeuka.
"Kesho tuongeze kikombe?"

Zamani ningejibu, ijaze.
Nikafungua daftari, nikahesabu kwa kidole.
"Jumamosi," nikasema.