Glasi ya Rais

Leo bendera ya ofisi ya tarafa imeshushwa nusu mlingoti,
na kamba, kama kawaida yake, imekwama;
ikabidi Dadi aazime ngazi ya msikitini.
Redio inasoma wasifu wa marehemu:
alizaliwa, akasoma, akaoa, akatawala miaka kumi,
madaraja, mikataba, wafungwa aliowasamehe sikukuu.
Wasifu mrefu. Glasi haimo.

Ninayo mimi,
Somoe binti Nampunju, mhudumu, jina la mwisho kwenye orodha ya mishahara,
niliyeshika sinia siku Rais Lugome
alipopanda huku juu Newala kuzindua bomba.

Wiki nzima tulipaka mawe chokaa.
Mzee Mchopa akasema tusipoangalia
tutapaka na mbuzi wake.
Mikorosho iliyoegemea barabara ikakatwa matawi, na maua yake,
mwenyewe akaambiwa ashukuru.
Watoto walikaririshwa ngonjera juani mpaka mmoja akazimia,
akaingizwa mwingine, ubeti usipoteze kina:

    Karibu Baba karibu, tulikungoja kwa hamu,
    Umetuondoa tabu, ya maji iliyodumu,
    Bomba lako ni dhahabu, maji yake ni matamu,
    Tutakunywa taratibu, vitukuu wafahamu.

Nyuma ya ukuta wa zahanati kulikuwa na boza.
Lilijazwa usiku kule bondeni, likapanda likikoroma,
mpira wake ukafukiwa mchangani.
Mchanga ule niliufagia mimi.

Akakata utepe. Akafungua koki.
Maji yakaruka, yakamlowesha kiatu,
vigelegele vikapasuka,
na mama yangu, aliyeshuka bonde na ndoo tangu usichana wake,
alilia.
Kilio chake hakikuwa cha boza.

Nikasogea na sinia.
Kwa karibu alikuwa mtu mfupi anayenuka karafuu.
Kifungo kimoja cha mkono wa shati
kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, haraka haraka,
labda ndani ya gari.
Akainua glasi, akaitazama juani,
akaniuliza, si kwa ile sauti ya redioni,
"Mama, maji haya yametoka wapi?"

Mkuu wa wilaya alikohoa nyuma ya shingo yangu.
Niliiona ajira yangu. Niliiona karo ya Chande.
Niliyaona mabati sita niliyokopa, bado hayajapigwa msumari.
"Bombani, Mheshimiwa."

Akanitazama.
Akanywa yote, polepole, kama anayemeza kidonge,
akarudisha glasi kwenye sinia.
"Asante," akasema. "Yana ladha ya mpira."

Hakusikia mwingine.
Jumatano koki ilikohoa mara mbili, ikatema mjusi.

Miaka kumi nilimfuta vumbi ukutani kila Jumatatu,
kwanza kioo, kisha fremu, macho mwishoni,
nikimnong'oneza: nawe ulijua.
Usiku redio ilipotangaza mabadiliko ya viongozi
niliongeza sauti, nikisubiri jina la yule wa kikohozi.
Likatajwa, mwaka wa tatu.
Alipandishwa cheo, akapewa mkoa.

Sijui.
Pengine alikuwa amekunywa glasi nyingi za namna ile,
wilaya hii, wilaya ile,
na kila penye sinia alisimama mtu kama mimi
mwenye mabati yake sita.
Pengine alingoja mmoja tu aseme "kwenye boza, baba,"
apate pa kuanzia.
Au hakungoja kitu. Alikuwa na kiu, akanywa.

Mama alikufa akisema bomba lilitoa maji,
aliyaona kwa macho yake,
na Rais alikuwa mtu mzuri, walioharibu ni mafundi.
Sikumsahihisha.

Redio sasa inapiga maombolezo.
Nimenunua ndoo moja kwa kijana wa baiskeli, shilingi mia tano,
nimeijaza glasi mpaka ukingoni,
nimeinusa kwanza.
Kila maji nayanusa kwanza.