Daftari la Wageni, Uyole

Daftari nililirithi kwa marehemu mzee Mwaisumbe,
jalada la kijani, kona zimetafunwa na panya.
Safu tano, zimepigwa kwa rula na wino mwekundu:
Jina. Utokako. Kanisa lako la awali.
Umefunga ndoa? Barua ya utambulisho unayo?

Mwaka mzima nilikaa nalo mlangoni
kama karani wa mizani kule barabara kuu,
asimamishaye malori ya Tunduma
aone yamebeba nini, yamezidi kwa kiasi gani.

Kisha Julai, baridi ya kukata masikio,
ukungu umeivalisha milima hadi kiunoni,
akaja dada mmoja, mtoto mgongoni,
viatu vimelemewa na tope la shamba la viazi.
Nikafungua daftari. Nikauliza.
Jina akataja: Subilaga.
Utokako: Igawilo.
Kanisa la awali: akatazama viatu.
Umefunga ndoa: akaugusa mguu wa mtoto.
Barua.
Hapo hakutazama kitu. Aligeuka.
Nikaona kitenge kikishuka mteremko,
na kofia ya sufu ya mtoto, ya njano,
ikipungua, ikipungua, ikawa punje ya mahindi,
ikaisha.

Ndani walikuwa wakiungama dhambi.
Mimi nilikuwa na kalamu mkononi.

Jumatatu nilinunua daftari jipya, shilingi elfu moja.
Padri Kayange akauliza, "Safu ngapi safari hii?"
Nikamwambia rula nimempa mjukuu.

Kwa hiyo wewe uliyesimama nje, karibu na pikipiki,
unayejifanya kusoma ujumbe kwenye simu iliyozimika,
nakujua. Si kwa jina.
Nakujua kwa mguu mmoja ulioelekea mlango
na mwingine ulioelekea barabara.

Ingia. Wakati wa matangazo
hatutakusimamisha useme umetoka wapi.
Kitabu cha sala kina kurasa za kupoteza watu;
miaka kumi na tisa nipo hapa, zaburi bado inanitoroka.
Kaa na Ambwene, fundi cherehani,
atakuonyesha mstari kwa kidole chenye alama za sindano.
Haulizi maswali, tena sikio la kushoto halisikii.
Wakipiga magoti, piga ukitaka.
Ukibaki umekaa, benchi halilalamiki.

Umekuja na mke, umekuja na mume,
umekuja na mtu usiyetaka kutueleza ni nani wako,
umekuja na vidonge vyako vya saa nne mfukoni,
umekuja kwa sababu kwingine walikwisha kukufuta:
tutasogea.
Sikudanganyi, si wote watasogea upesi.
Bibi Seba ana kiti chake, na ana macho yake.
Mpe Jumapili tatu. Ya nne atakuletea parachichi
na kukugombeza kwa kukonda.

Baadaye kuna chai ya tangawizi nyuma ya jengo,
sufuria imekaa juu ya mafiga tangu alfajiri,
viazi vya kuchemsha, chumvi kwenye kifuniko cha chupa.
Vikombe vya bati vinaunguza midomo; shika kwa ncha ya kanga,
au koti, au chochote ulichovaa.

Na daftari lipo, juu ya kigoda, limefunguliwa.
Andika, usiandike.
Mmoja aliandika "Nimefika" akaishia hapo.
Mtoto mmoja alichora kuku mwenye miguu mitano.
Kuna ukurasa una duara la kikombe tu,
huo nao nauhesabu.

Ila kila Jumapili, kengele ya kwanza ikilia,
mimi hutazama mteremko.
Kofia ya njano sijaiona.
Yule mtoto sasa atakuwa anakimbia,
kofia imekwisha kumbana, labda kaivaa mdogo wake.
Ukipita Igawilo siku ya soko, ukamkuta Subilaga,
usimwambie mengi.
Mwambie chai ipo,
na yule mama wa mlangoni
siku hizi kalamu anaiacha nyumbani.